Mzee Etyang, Nusura Kiwanja Kifungwe

Mzee wangu,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata. Ulikufa Alhamisi, Jumamosi ilikuwa siku ya mchezo, na hukumwambia mtu yeyote nani atabaki na kiwanja. Mtu aliyeendesha trela miaka thelathini, anayejua kwamba hata ukishuka kununua maji lazima umwachie mwenzako ufunguo, anajifia usingizini bila kusema neno. Nililia sana, Mzee, lakini katikati ya kilio nilikuwa pia na hasira, na hasira yenyewe haijaisha yote.

Siku tatu baada ya mazishi Mama Akisa aliniita pale nyumbani kwenu Chakol, akanitolea lile gunia lako la sahani kutoka chini ya kitanda. Unamjua mkeo. Hakunikaribisha kuketi. Alisema tu, "Hii ni ya nyinyi watu wa kutupa. Chukua." Nikachukua. Ndivyo nilivyokuwa mkubwa wa gofu ya sahani ya Chakol, huu mchezo wako wa kurusha visahani vya plastiki vikapuni, mimi Nafula, wakala wa forodha pale Malaba, mwanamke anayegombana na watu hata kwenye foleni ya benki.

Sasa habari. Kiwanja kipo. Naanza na hilo ili usihangaike huko uliko. Vikapu vyote tisa vimesimama. Ile rimu ya pikipiki ya kikapu cha saba imeanza kushika kutu, lakini fundi aliyeichomelea ameahidi kuipaka rangi, na unajua ahadi za fundi. Minyororo bado inalia vile vile sahani ikiingia. Nyasi zinakatwa na ng'ombe wa jirani kama ulivyopanga. Lakini mwaka huu kilibaki kidogo tu tukipoteze, na kosa lilikuwa langu. Nimejaribu kukuambia kaburini mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kung'oa magugu. Kwa hivyo nimeamua kuandika.

Unakumbuka siku tuliyokutana? Mimi naikumbuka kwa ajili ya viatu. Kulikuwa na dereva ambaye makaratasi ya mzigo wake yalihitaji sahihi, na simu hashiki. Wenzake kwenye foleni ya malori mpakani wakaniambia amekwenda Chakol kurusha sahani. Nilidhani wananichezea. Nikapanda boda, nikafika, nikaona watu wazima wametawanyika shambani, kila mmoja na kisahani cha plastiki mkononi, wanalenga kitu kama ndoo iliyozungushiwa minyororo juu ya mti. Nilikuwa na viatu vyangu vya ofisi, vile vyeusi vya kisigino, nikakata kiwanja katikati, nimevimba, sisalimii mtu. Ghafla wote wakainama. Wakaweka sahani zao kwenye nyasi, wakasimama wima mikono mitupu, wananitazama. Nikajua nimevamia ibada ya watu.

Wewe ukaja polepole, na kofia yako ya sufu kwenye jua lile, ukaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za barabara, kana kwamba tumejuana miaka. Kisha ukaniuliza naelekea upande gani. Nikakuonyesha dereva wangu. Ukasema, "Pita tu, mama. Hakuna mtu ataokota sahani mpaka ufike." Na kweli hakuna aliyeokota. Nikapata sahihi yangu, kisigino kimoja kikabaki kwenye tundu la fuko, na Jumamosi iliyofuata nilirudi na raba.

Baadaye ulinieleza. Sahani ikiwa mkononi, mkono unawasha. Hata mtu mwema atajiambia nafasi ipo, nitairusha juu, haitamfikia. Lakini iliyo chini huwezi kuirusha mpaka uiname, na ukiinama unapata muda wa kufikiri. Kwa hivyo mtu yeyote akikanyaga kiwanja, awe mama na mtungi wa maji au mzee anayesukuma baiskeli, wa kwanza kumwona anaweka sahani chini. Wengine wakiona mwenzao ameweka, nao wanaweka, hata kama hawajui kwa nini. Hakuna kelele, hakuna filimbi. Yule mgeni aliyejitolea kufundisha shuleni, aliyekuachia sanduku la kwanza la sahani, hakukuachia sheria hiyo, nilimuuliza mwalimu. Nikaamini umeitunga mwenyewe kwenye yale mawazo yako marefu ya usukani. Na hukunikatalia. Hilo tutalirudia.

Wasumbufu walikuwepo enzi zako pia, tusikupambe. Kulikuwa na yule mwenzangu wa forodha aliyekuja na spika kubwa ikiimba kutoka kikapu cha kwanza hadi cha tisa. Kulikuwa na wale vijana waliorusha kabla watu wa mbele hawajatoka kwenye kikapu, halafu wanacheka wakiona wazee wa watu wanaruka. Mimi ningewafukuza wote kabla ya kikapu cha pili. Wewe ulikuwa na kile kitambaa chekundu ulichokuwa ukifunga nyuma ya trela mzigo ukizidi urefu. Ulimfuata mkosaji, ukamsalimia mpaka akaona haya, ukampa kitambaa na kumwambia, "Leo wewe ni macho yetu." Akaenda kusimama kwenye njia ya kisimani, kati ya kikapu cha tatu na cha nne, mzunguko mzima. Mtu akitokea, ainue kitambaa. Na alirudi akiwa mtu mwingine, kwa sababu pale njiani sahani zinakuja upande wako zikipiga mluzi, na unajua jinsi ilivyo kuwa mpita njia. Yule wa spika aliizima mwenyewe siku ile ile. Muziki ulimfanya asisikie sahani, ikapita karibu na sikio lake.

Nami ulinipa kitambaa mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimemwita mtu mjinga kwa kukosa kikapu kilichokuwa hatua mbili mbele yake. Nilikuuliza kwa ukali hilo lina hatari gani. Ukasema mtu akitukanwa anarusha kwa hasira, halafu jioni yote tunatafuta sahani kwenye mihogo. Nikasimama njiani nimenuna, na wewe ukawa unanipungia mkono kutoka mbali kila baada ya dakika tano, kwa makusudi, mpaka nikacheka.

Basi ulipoondoka watu waliongezeka. Sijui kama walikuja kwa huzuni au kwa sababu foleni ya Malaba ilirefuka msimu ule. Kuna Jumamosi tulifika arobaini, madereva na utingo wao, waendesha boda, walimu, hata katekista. Mzunguko uliokuwa wa saa mbili ukawa unakula alasiri nzima, maana kila mama akienda kisimani na kurudi, watu arobaini wanainama. Wakaanza kunung'unika. Nami, ambaye kazi yangu ni kupitisha malori haraka, nikajiona nina dawa. Nikamwondoa mtu wa kitambaa. Nikaandika ubao nikaupigilia kwenye nguzo ya kikapu cha kwanza: kabla ya kurusha, ita "Sahani!" kwa sauti. Mpita njia atasikia, atatazama, atajitoa.

Fikiria, Mzee. Miaka kumi na tano nafanya kazi na madereva, na sikuona nilichofanya. Niliwapa honi.

Wiki ya kwanza waliita, wakatazama, ndipo wakarusha. Wiki ya pili wakawa wanaita na kurusha kwa pamoja. Aliyekuwa hodari kuliko wote ni dereva mmoja wa Mombasa anayeitwa Kombo. Hukumkuta. Ni mtu mcheshi, mwenye adabu nyingi za pwani, na mkono wake ni mrefu hivi kwamba sahani yake inapita juu ya kikapu cha tatu ikiwa bado inapanda. Nilimwambia mara mbili angoje kwanza. Alicheka akasema, "Dada Nafula, si nimeshapiga honi? Aliyeko mbele ndiye atazame sasa." Watu wakacheka. Nilicheka na mimi, na kicheko hicho kinanichoma mpaka leo.

Jumamosi yenyewe mimi na Kombo tulikuwa sare tukifika kikapu cha tatu. Zamu ilikuwa yake, yangu ikifuata. Watu walikuwa wamesimama nyuma yetu, kila mmoja amechagua upande wake. Nilikuwa kando na sahani yangu ya bluu mkononi nilipomwona Mama Akisa akitokea kwenye mihogo, karai la wimbi kichwani, anapeleka kwenye mashine ya kusaga. Nilimwona, Mzee. Niandike mara ya pili nisije nikajidai sikuandika. Nilimwona mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na sikuweka sahani chini.

Nilijiambia huyu ni Mama Akisa, anakijua kiwanja. Nilijiambia Kombo ataita na mama atasikia. Lakini ukweli ni kwamba mkono wangu ulikuwa umeshapata joto, nilikuwa nimeshapima upepo, na nilijua Kombo akikatizwa atapumua na atarusha vizuri zaidi. Nilitaka akosee. Nilitaka kushinda mchezo wa Jumamosi ambao mshindi hapati hata kikombe cha chai.

Kombo akaita na sahani ikawa imeshatoka. Mama Akisa alisikia, akageuka kutazama, ikampata kwenye mkono ulioshika karai. Alianguka ubavu. Wimbi lote likamwagika kwenye nyasi, na kuku wako wakafika kabla yetu.

Kombo alitangulia kukimbia. Alimwinua, akamkalisha, akavua shati lake akalifunga mkono, kisha akapiga magoti akaanza kuokota wimbi kwenye nyasi, chembe kwa chembe, kama mtu aliyechanganyikiwa. Na mimi nilisimama juu yake nikimshambulia kwa maneno. Nilimwita muuaji mbele ya watu wote. Nilimwambia asikanyage Chakol tena, arudi kwao akarushe sahani baharini. Kitambaa chako kilikuwa ndani ya gunia, hatua tatu kutoka nilipo. Sikukikumbuka hata kidogo.

Tulimpeleka mama hospitali kwa boda, mimi nyuma nimemshikilia. Mfupa haukuvunjika, kifundo cha mkono kiliteguka. Wakamfunga bendeji na kumkataza kunyanyua kitu kizito kwa wiki sita. Njia nzima nilisema mengi, na yote yalimhusu Kombo.

Kesho yake nilikwenda kumjulia hali. Alikuwa ameketi mlangoni, mkono umening'inia kwenye leso. Alisema bila kupandisha sauti, "Nafula, hii kiwanja nafunga. Mvua ikikuja napanda muhogo mpaka kwa barabara. Mimi nilivumilia sababu ya yule mzee, na yule mzee alikufa."

Ningembishia nini? Shamba ni lake, mkono ni wake, na alichosema ni kweli. Jumamosi iliyofuata hakukuwa na mchezo, na iliyofuata hiyo pia. Nikwambie wazi nilichoogopa. Picha zako nilizonazo ni mbili, na kwenye moja umefumba macho. Sauti yako sikuwahi kuirekodi. Watoto wako wako Nairobi, wana nyumba zao na kumbukumbu zao, na mimi si mtoto wako, ni mtu tu aliyekuja kutafuta sahihi. Pale kiwanjani ndipo mahali pekee ambapo nikisimama najua ungesema nini. Mihogo ikipandwa pale sitakuwa hata na sababu ya kupanda boda kuja Chakol. Nilikuwa nakupoteza mara ya pili, na mara hii hakuna hata mtu wa kuniletea chai ya msiba.

Na bado, mwezi mzima nilimwambia kila aliyeuliza kwamba ni Kombo aliyetufungia kiwanja. Niliisema vizuri mpaka nikaanza kuiamini.

Halafu siku moja dereva mwenzake aliingia ofisini na debe la wimbi. Wimbi safi, limepepetwa, halina hata jiwe. Akasema, "Madam, Kombo amesema umpelekee yule mama. Yeye ulimkataza kukanyaga." Akaliweka sakafuni akaenda zake kwenye foleni.

Nililibeba lile debe magotini kwenye boda mpaka Chakol. Nikalitua mbele ya Mama Akisa, nikasema limetoka kwa Kombo. Akauliza kwa nini hakuleta mwenyewe. Nikasema nilimkataza kuja. Akauliza nilimkataza kama nani. Hapo nikamwambia yote. Kwamba ubao ulikuwa wangu. Kwamba nilimwona akitoka kwenye mihogo. Kwamba nilikuwa na sahani mkononi, na ningeinama tu, Kombo angeona, na watu wote wangeona. Niliyasema nikitazama debe, kwa sababu usoni sikuweza kumtazama.

Alichezesha wimbi kwa ule mkono mzima. Kisha akasema, "Na mimi nilikuona. Ulikuwa na sahani ya bluu. Nilikuwa nangoja useme."

Mzee, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Yeye akaendelea, taratibu, kwamba hakuwa amefunga kiwanja kwa ajili ya yule dereva. Mgeni hajui, mgeni anafundishwa. Alifunga kwa sababu yule aliyepewa gunia lako alimwona, akapima kwanza kama kuinama kunamfaa. Hakuniambia kwa ubaya. Alinisogezea maji ya kunawa uso, akaniacha nilie mpaka niishe, kisha akasema nimlete huyo mtu wa Mombasa.

Ilichukua wiki mbili kumpata. Nilimkuta kwenye foleni, amekaa kwenye kivuli cha trela lake na jiko la mkaa, anapika wali, wenzake wamemzunguka wakingoja. Nilikuwa nimemtukana mbele ya watu, kwa hivyo niliomba radhi mbele ya watu. Unajua jinsi kitu hicho kilivyo kigumu kwangu. Nilisema yote, pamoja na ule upepo niliokuwa nimepima. Madereva waliacha kutazama sufuria. Kombo alinipisha kwenye kibao chake akanikalisha, akasema, "Dada, na mimi nilirusha. Mkono ulikuwa wangu." Kisha akafikiri, akaniambia kitu ambacho nimekibeba tangu siku hiyo. Alisema miaka yote barabarani, akishapiga honi roho yake inatulia, anahisi kama amemaliza kazi yake na iliyobaki ni ya yule aliyeko mbele. Alisema mpaka siku ile hakuwahi kujiuliza ni nani alimwambia hivyo.

Tulikwenda Chakol wote wawili, yeye na shati jeupe lililopigwa pasi sijui wapi. Akamwomba Mama Akisa radhi kwa Kiswahili kirefu cha kwao, chenye taadhima na kunradhi na hidaya, mpaka mama akawa ananigeukia kama nimtafsirie. Alipomaliza, mama alimwangalia shati, akaangalia magoti yake yaliyokuwa chini, na mara akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke.

"Hata yule mzee mwenyewe alinigonga," akasema.

Ndipo tuliposikia, Mzee. Ndipo nilipojua jinsi ulivyotuibia. Kwamba wiki ile ya kwanza uliyostaafu, na sanduku lako la sahani, na kikapu kimoja tu ulichokuwa umechimbia kando ya wimbi, ulirusha bila kutazama ukampata begani akiwa ameinama anapalilia. Hukuwa umemwona, mke wako mwenyewe, kwenye shamba lake mwenyewe. Na alinyooka na jembe mkononi akakwambia, "Weka hiyo sahani chini. Simama hapo mpaka nimalize hii mstari." Ukaweka. Ukasimama juani mikono mitupu mstari mzima, na alisema ulikuwa mstari mrefu, na hakuharakisha. Kesho yake alipotokea tu, ukaiweka chini kabla hajafungua mdomo. Na miaka yote ile sisi tukikusifu kwa hekima yako ya barabarani, na wewe unatikisa kichwa na kofia yako ya sufu kama mtu mnyenyekevu. Nimekusamehe, lakini watu nimewaambia.

Hukumu ya Mama Akisa ilikuwa fupi. Ubao ushuke. Mimi na Kombo tuwe macho njiani wengine wakicheza, Jumamosi nne mfululizo, na yeye atapita akipenda. Kuhusu kiwanja alisema, "Tutaona."

Alipita, Mzee. Alipita na kitu na bila kitu. Jumamosi ya kwanza alipita mara sita, mara nyingine anasimama katikati kufunga leso upya, na watu wote wameinama na kusimama kama kanisani. Kombo, kila alipokuwa mapumziko Malaba, alikuja akasimama nami, na alipokuwa safarini nilisimama peke yangu. Jumamosi ya tatu alifika mtu mmoja na chupa mfukoni, akakataa kuweka sahani chini, akasema yeye anajua kurusha na hajawahi kumgonga mtu. Zamani ningempasua masikio. Nilikwenda nikamsalimia, nikamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za barabara. Meno yalikuwa yamebanana, lakini nilimaliza salamu zote. Nikampa kitambaa, nikasimama naye mpaka mwisho. Hakusema ahsante. Wiki iliyofuata alikuja bila chupa, akawa wa kwanza kumwona mzee wa baiskeli.

Mvua imeanza sasa. Mama Akisa amepanda mihogo yake, na safu ya mwisho imeishia pale pale ilipokuwa ikiishia siku zote. Hajatangaza chochote. Nilipomuuliza kama nimshukuru alisema mkono ulimchosha, hakuweza kulima zaidi. Lakini bendeji aliitoa kitambo, na jembe nililiona.

Jumapili iliyopita tulikuwa wawili tu jikoni kwake, tunamenya mihogo, na aliniambia jambo lako jingine. Alinikataza nisikuandikie. Ninakuandikia. Alisema ile sahani haikumuuma. Ilimgusa kama jani. Akasema, "Huyo mtu alirudi kwangu baada ya miaka thelathini ya barabara, na kila asubuhi alikuwa ananipita akifuata sahani. Nilitaka asimame aniangalie." Akaendelea kumenya. Mimi sikujua niangalie wapi. Baadaye akaongeza kwamba ulisimama kweli, mstari mzima, na hukutazama kwingine.

Basi, Mzee wangu, nakuachia hilo ukae nalo. Nimekupenda kuliko nilivyowahi kukuambia, na kukuambia nilichelewa. Ninachoweza kukuahidi ni hiki tu. Mkeo akitokea kwenye mihogo, sahani yangu itakuwa ya kwanza chini, hata nikiwa nashinda, na mikono yangu itakuwa mitupu mpaka apite, na nitamwangalia yeye.

Wako,
Nafula